Nyoka wa Nkwenda

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na kwa akili yote ya kidato cha nne niliyoipata kwa masomo ya jioni, kwamba kidonge anachopewa mtoto shuleni ni yai la nyoka. Sisemi mfano wa yai. Yai lenyewe, limekaushwa, likasagwa, likatiwa weupe, likafungwa kwenye kopo lenye maandishi. Mtoto akilimeza linapata joto la tumbo, linaanguliwa, na kufikia jioni nyumba imepata mgeni.

Habari hiyo ilinikuta kwenye cherehani. Mimi ni fundi nguo pale Bugene, kibaraza changu kinatazama barabara, na nusu ya watoto wa kata nzima wamevaa sare nilizoshona mimi. Nusu nyingine wamevaa sare zilizoshonwa vibaya. Simu ilitikisika ndani ya droo ya nyuzi, nikaitoa, nikakuta ujumbe kwenye grupu letu la wahitimu wa masomo ya jioni. Grupu hilo ni la watu wazito. Humo tunajadili bei ya kahawa, mpira, na nani kafiwa. Hatuna mchezo.

"TAHADHARI WAZAZI WOTE KARAGWE NA KYERWA," ulisema ujumbe. "Mtoto wa Nkwenda amepewa vidonge shuleni, amerudi nyumbani AMETOA NYOKA, tena wakiwa hai. Siyo dawa ya minyoo, ni mayai ya nyoka. Mzazi usikubali. Watumie wote unaowapenda."

Chini yake palikuwa na picha. Nyoka wa kijani, mnene kama mkono wa mtu anayelima, amejikunja juu ya sakafu ya marumaru inayong'aa mpaka taa ya dari inaonekana ndani yake. Nilijiuliza, hivi ni nyumba ipi Nkwenda yenye marumaru ya namna hii? Lilikuwa swali zuri sana, swali la mtu aliyesoma, na nikajijibu papo hapo: wanunuzi wa mazao wa Nkwenda wana fedha. Basi, likaisha.

Juu ya ujumbe simu ilikuwa imeandika kwa herufi ndogo, "Imesambazwa mara nyingi." Siku hizi najua maneno hayo yamewekwa pale ili mtu ashtuke kidogo. Wakati ule niliyasoma kama muhuri. Nilifikiri, kama imesambazwa mara nyingi, maana yake imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja ameikagua kabla ya kuipitisha, kama nguo inavyopita kwa mkataji, kwa mshonaji, kwa mpiga pasi. Ingekuwa na kasoro si wangeiona?

Halafu ikaanza mikono ya sala. Mmoja aliweka mikono miwili iliyokutana, mwingine akaweka mitatu, mwingine akaongeza sura inayolia. Hadi saa sita mchana mikono ile ilikuwa mingi kuliko ya Pasaka kanisani. Hakuna aliyesema ameona. Hakuna aliyesema hajaona pia. Mimi nilihesabu kila mkono kuwa shahidi, nikaongeza wa kwangu, kisha nikampigia mdogo wangu wa kike anayekaa Kiruruma.

Huyu mdogo wangu ana binti anayesoma darasa la pili. Sare ya mtoto huyo niliishona mimi alipoanza shule, nikaacha pindo pana chini ili akirefuka tuishushe. Mpaka siku hiyo ninayoisimulia ilikuwa haijashushwa. Kilichofanyika ni kwamba nililazimika kufumua mishono ya ubavuni na kutia vipande, kwa sababu miguu na mabega vilikuwa vimesimama palepale na tumbo peke yake ndilo lililokuwa linakwenda shule. Mtoto alikuwa mchovu, nywele zimekuwa nyepesi, akipanda kilima kidogo anakaa chini. Kule zahanati walimwambia mama yake kwamba damu imepungua, wakampa dawa ya damu, na wakasisitiza kwamba siku ya dawa za shule asikose. Siku hiyo ilikuwa imetangazwa: Ijumaa.

Mimi na mdogo wangu tunazungumza Kinyambo. Mambo ya kibanja na migomba yake, mambo ya chakula, ugomvi, vyote Kinyambo. Lakini kitu kilichoandikwa nakisoma kilivyoandikwa, kama barua ya serikali. Kwa hiyo nilimsomea ujumbe ule kwa Kiswahili, herufi kubwa nikizisoma kwa sauti kubwa, na baada ya hapo tukaendelea kwa Kiswahili hichohicho, maana habari nzito ikishaanza kwa lugha moja ni vigumu kuishusha.

Kwanza nilimsikia akifukuza kuku.

"Kaka," akasema, "zahanati walisema asikose."

"Nimesikia."

"Na wewe unasema ni nyoka."

"Sisemi mimi. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

Hapo nilikohoa. Mtu akikuuliza swali kama hilo ghafla unaona kana kwamba umeulizwa nani alitengeneza mvua. Imeandikwa! Simu imeandika!

"Nakuuliza kwa sababu moja," akaendelea. "Huyu mtoto nikimficha Ijumaa, akazidi kuwa hivi alivyo, nitalia mimi. Nikimpeleka, yakatokea hayo unayosoma, nitalia mimi. Katika ukoo wetu aliyesoma ni wewe. Kabla ya Ijumaa nataka neno lako. Lako, siyo la simu."

Akakata. Nilikaa na futi ya kupimia shingoni, suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja, nikaona uzito wa elimu.

Niseme ukweli, sikuwa na shaka hata chembe. Nyoka nilikuwa nimewakubali wote. Nilichokuwa nacho ni hamu. Nilitaka kuwaona. Nilitaka kujua wanatokea upande gani, wana meno au hawana, wakitoka wanaelekea wapi, na je, mtoto anahisi nini. Niliona kwamba mtu anayetakiwa kutoa neno lake ni lazima aseme "nimeona", na Nkwenda si mbinguni, iko hapo Kyerwa, ni safari ya bodaboda.

Nikapandisha ujumbe kwa kidole kutazama aliyeuleta kwenye grupu. Ni Shemeji.

Shemeji ni mtu wa Tanga aliyekuja huku kwa kumfuata mke wa Kinyambo, na kwa sababu hiyo Bugene nzima ni wakwe zake, wazee kwa watoto tunamwita Shemeji. Tulisoma pamoja masomo ya jioni, benchi moja. Mchana anaendesha bodaboda. Alhamisi asubuhi nilimfuata kijiweni kwao.

"Profesa!" akaita aliponiona. Hilo ndilo jina analonipa, na wenzake wote kijiweni wakacheka kama kawaida.

"Shemeji, ule ujumbe wa nyoka uliuandika wewe?"

"Niliuandika mwenyewe, ukazunguka magrupu mengine ukanirudia, ndipo nikauleta kwetu. Umeupenda?"

"Umeniondolea usingizi. Wewe uliwaona hao nyoka?"

"Kuwaona sikuwaona. Lakini habari nimeipata kwa mama wa mtoto mwenyewe. Kwa sauti yake. Ni dada wa mke wangu, binamu yake, yuko Nkwenda. Kuna grupu la ukweni, wameniingiza na mimi. Alituma sauti."

"Na picha je? Yeye ndiye aliyeituma?"

Shemeji akafuta taa ya pikipiki kwa kiganja. "Picha niliitafuta mimi. Habari bila picha hawaisomi, Profesa, unajua watu."

Ungedhani hapo imani yangu ingetikisika. Wapi! Nilifurahi. Marumaru yalikuwa yamenisumbua, sasa yamepata maelezo, na nyoka akabaki vilevile. Nilipanda nyuma yake, nikamwambia, "Nipeleke kwa huyo shemeji yako."

Tukaondoka. Upepo wa asubuhi huku kwetu una meno, nilivuta koti mpaka masikioni. Tulipita Kayanga, tukateremka, tukapanda, na tulipofika njia panda ya Omurushaka Shemeji akasema pikipiki inataka kupoa. Pikipiki ilikuwa baridi kuliko mimi. Aliyetaka kitu ni yeye, alitaka chai. Tukaingia kwa mama mmoja anayeuza chai na ndizi za kuchoma.

"Mnatoka wapi?" mama akauliza huku akimimina.

"Bugene," nikasema.

Akaiweka birika chini. "Bugene! Kwa hiyo ni kweli yule nyoka amemeza kuku?"

"Nyoka yupi, mama?"

"Yule wa Bugene! Aliyetoka kwa mtoto akameza kuku wa jirani, polisi wakaitwa. Ninyi mnaishi hukohuko mnaniuliza mimi?"

Nikamtazama Shemeji. Shemeji, kwa adabu tu, maana chai ilikuwa bado haijafika kwake, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Unaona!" mama akawageukia wateja wengine. "Hawa wanatoka hukohuko, wamemwona."

Nilikunywa chai ile polepole sana. Nadhani ndiyo chai niliyoitafakari kuliko zote. Kwetu Bugene nyoka alikuwa wa Nkwenda, hapa alikuwa wa Bugene, na sisi tuliokuja kumtafuta tulikuwa tumeshafanywa mashahidi kabla hata ya kulipa. Kwa macho yangu nilikuwa nimemwona nyoka akiongezewa kuku. Sikujiambia kwamba habari ni ya uongo. Nilijiuliza tu, kama huyu ana kuku ambaye mimi simjui, je, na mimi nina kitu gani ambacho mama wa Nkwenda hakijui?

Tulipotoka nje nikamwambia Shemeji, "Hebu niwekee hiyo sauti yenyewe."

Akaitafuta, akaibonyeza, tukainamisha vichwa juu ya simu kama watu wanaokunywa rubisi kwenye kibuyu kimoja. Sauti ya mwanamke ilitoka, ya haraka, yenye furaha:

"Ndugu zangu wote nawasalimu, na mashemeji wetu wa mbali nawasalimu. Mtoto wetu amepewa ile dawa pale shuleni, Mungu ni mwema, nyoka zimetoka nyingi, zingine zinatembea kabisa! Sasa anakula mpaka anataka kula na sufuria. Walimu tunawashukuru sana, asanteni."

"Umesikia mwenyewe," Shemeji akasema. "Nyoka. Zinatembea."

"Nimesikia na makosa," nikasema. Hapo msomi wa jioni aliamka ndani yangu, mwalimu wetu wa Kiswahili angenivika taji. "Nyoka ni kiumbe chenye uhai, Shemeji. Huwezi kusema zimetoka. Unasema wametoka. Wametoka wengi, wengine wanatembea. Watu wa Kyerwa wanaiua lugha."

"Kweli, wanaiua. Ndiyo maana mimi kwenye ujumbe nilisahihisha."

"Ulifanya vizuri."

Tulisimama pale tukipongezana kwa ngeli. Lakini jambo jingine lilikuwa limenikwama kooni, na hilo halikuwa la sarufi.

"Shemeji, mbona anawashukuru walimu?"

"Ah! Wewe nyoka wakikutoka tumboni hutashukuru?"

"Lakini kwa ujumbe wako, walimu haohao ndio waliowaingiza nyoka."

Shemeji alikuna kidevu chake, akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. "Profesa, panda twende. Utamwuliza mwenyewe."

Njia nzima iliyobaki niliikunja ile sauti na kuikunjua kichwani. Anashukuru. Mungu ni mwema. Mtoto anakula. Ukitoa neno nyoka ilikuwa habari njema kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye simu. Ukilirudisha ilikuwa jinamizi. Neno moja, nalo limebeba mzigo wote! Na mbele ya macho yangu, kila tulipopita shule na kuona watoto uwanjani, niliona ile sare yenye vipande ubavuni. Mdogo wangu angenipigia jioni ile. Nilikuwa bado sina cha kumwambia.

Nkwenda tulifika watu wakiwa wengi sokoni, malori yamejazwa ndizi mpaka yameinama. Nyumba ya yule mama iko nyuma kidogo ya senta, ndani ya kibanja kilichotunzwa, majani makavu ya migomba yametandazwa chini kama zulia. Sakafu ilikuwa ya saruji. Nilitazama, ndiyo. Mwenyewe tulimkuta uani anageuza kahawa iliyoanikwa juu ya mkeka. Mtoto wa kike wa darasa la tatu hivi, aliyerudi nyumbani kula mchana, alikuja mbio, mdomo umejaa ndizi, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo." Ndizi ikatoka na salamu.

"Marahaba," nikamjibu, nikimkagua tumbo kwa jicho la fundi. Lilikuwa tumbo la kawaida kabisa. Sare yake ilikuwa imeshushwa pindo karibuni, alama ya mshono wa zamani bado inaonekana. Nilisimama nikiitazama ile alama mpaka nikasahau kukaa.

"Shemeji, karibu! Na mgeni karibu!" mama akasema. "Mbona mmenikuta na mavumbi hivi? Kwema?"

"Kwema, dada," Shemeji akasema. "Huyu ni msomi mwenzangu. Amekuja kwa ajili ya wale nyoka."

"Nyoka gani?"

"Waliomtoka mtoto," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa njiani, nikauliza kwa heshima, kama mtu aliyekwenda kutoa pole. "Samahani mama. Mliwahifadhi wapi?"

Alinitazama mimi, akamtazama Shemeji, akanirudia mimi. "Kuwahifadhi?"

"Ndiyo. Ningependa kuwaona."

"Baba, unatoka wapi?"

"Bugene."

"Umetoka Bugene mpaka Nkwenda kuja kuona vilivyotoka chooni kwa mtoto wangu?"

Yule binti alicheka mpaka akakaa chini. Shemeji aliangalia migomba.

Nilijikaza. "Walikuwa wakubwa kiasi gani, mama?"

"Wengine kama kalamu." Akanionyesha kidole. "Wengine wafupi."

"Na walikuwa hai?"

"Wawili watatu walikuwa wanajinyonganyonga. Wewe ni wa afya?"

"Hapana, mimi ni fundi nguo."

"Fundi nguo!" Alishika kiuno. "Shemeji, umeniletea mtu gani hapa?"

Nikamweleza yote. Nikamsomea ujumbe wa Shemeji, nikamwonyesha nyoka wa kijani juu ya marumaru, nikamweleza kuhusu binti wa mdogo wangu Kiruruma, tumbo lake na mabega yake, nikamwambia kwamba dawa ni kesho na kwamba mama wa mtoto amekaa anasubiri neno langu, na kwamba neno lenyewe sina. Alipoona picha alifunika mdomo kwa mkono. Nilipofika kwenye habari ya mtoto wa Kiruruma akaushusha mkono, na kicheko chote kikamtoka usoni.

"Mpigie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie chochote wewe. Mpigie, unipe mimi."

Nikapiga, nikampa. Kwanza wakasalimiana, na salamu za wanawake wa kwetu si za kukimbilia: wa nyumbani wakoje, mifugo ikoje, mvua ikoje, umeolewa kwa nani, ah kumbe pale, basi mama mkwe wako namfahamu. Vyote kwa Kinyambo. Kisha nikamsikia anaanza kusimulia, dawa, shule, mtoto, na katikati ya maneno likapita neno *enjoka*. Likapita mara ya pili. Upande wa pili mdogo wangu akalirudia, *enjoka*, kwa sauti ya kuuliza, kisha akalirudia tena kwa sauti nyingine kabisa.

Mkono wangu ulikuwa juu ya kahawa ya watu, ukaganda hapohapo. Neno hilo nimezaliwa nalo. Nyoka wa kwenye majani ni enjoka, na hawa wanaokaa tumboni mwa mtoto na kumlia chakula chake nao ni enjoka. Neno ni hilohilo, tangu bibi zetu. Yule mama, kwa kuwaheshimu mashemeji wa mbali wasiojua Kinyambo, alikuwa amelivalisha Kiswahili tu na kulituma.

"Sasa mimi ningejuaje?" Shemeji alininong'oneza. "Kwetu Tanga nyoka ni nyoka."

"Si ungemwuliza mkeo?"

"Mke wangu hayumo kwenye grupu letu la wahitimu."

Yule mama alikuwa ameanza kucheka na simu, na kutoka ndani ya simu mdogo wangu naye alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amebana pumzi tangu siku niliyomsomea zile herufi kubwa. Wakaagana kwa muda uleule waliotumia kusalimiana. Kisha simu ikarudishwa mkononi mwangu, ya moto, imeshika vumbi la kahawa.

"Kaka," mdogo wangu akasema.

"Ndiyo."

"Ni minyoo. Mtoto wake alikunywa dawa ya minyoo, akatoa minyoo. Huyu wangu kesho anakwenda shule."